Tui linakatika na kiporo cha mchuzi wa nazi kinachacha: nifanyeje?

BintiSahare, Tanga

Assalaam alaykum wapishi wenzangu, na wakubwa wote shikamooni.

Naomba msaada katika mambo mawili ambayo nahisi yana uhusiano, ingawa sijajua uhusiano wenyewe uko wapi. La kwanza ni tui. Nikipika mchuzi wa samaki wa nazi, hasa wa changu au wa nguru, tui huwa zuri linapoingia sufuriani, lakini baada ya muda mfupi linakatika: juu hukaa mafuta, chini hubaki maji yenye rangi ya nyanya, na katikati huelea chembe nyeupe kama za maziwa yaliyoganda. Ladha haibadiliki sana, ila mchuzi hauna uzito na mezani hauvutii. Natumia jiko la gesi. Nazi nanunua soko la Mgandini zikiwa zimekwisha kufuliwa, nazikuna kwa mbuzi na kuzikamua mara mbili. Ndimu naikamulia sufuriani mchuzi ukiwa unachemka.

La pili ni kiporo. Nyumbani kuna mtu anayerudi kazini usiku, kwa hiyo sehemu ya chakula cha mchana lazima ibaki. Mchuzi wa nazi ukikaa jikoni tangu saa saba mchana, kufika saa mbili usiku unaanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Wali wa nazi nao, ukilala, asubuhi unateleza ukiushika. Friji ipo, lakini umeme mtaani kwetu hukatika mara kwa mara, na wakati mwingine hurudi baada ya saa nyingi, hivyo siitegemei sana. Mama mkwe wangu anasema dawa ni kuuchemsha tena mchuzi usiku na alfajiri, na jirani yangu anasema kuchemsha huko ni kumaliza gesi bure.

Ningependa kujua kwa nini tui linakatika, kama mchuzi uliokatika una madhara yoyote kwa mlaji, na ni kwa namna gani mtu wa hapa Tanga, tena katika miezi hii ya joto, anaweza kutunza chakula cha nazi bila kukimwaga kila siku.

BibiMkunaNazi, Pangani

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nitaanza na nazi yenyewe, kwa sababu watu wengi huulaumu moto ilhali kasoro wameibeba kutoka sokoni. Nazi ya tui ni ile iliyokomaa na ambayo bado ina maji ndani. Itikise karibu na sikio uyasikie maji yakicheza, ipime mkononi uone kama ina uzito, kisha itazame macho yake matatu, ambayo yanatakiwa yawe makavu, yasiwe na ukungu wala unyevu. Nazi isiyosikika maji mara nyingi ina ufa, na nyama yake huwa imekwisha kuanza kugeuka rangi na kunuka mafuta ya zamani. Hiyo haifai hata kwa wali. Koroma nayo usishawishike na bei yake, maana tui lake ni jepesi na halina mafuta ya kutosha. Ukishaivunja nazi, onja kipande kabla hujaikalia mbuzi.

Nazi moja iliyokunwa laini itie maji ya uvuguvugu yasiyozidi kikombe kimoja, uifikiche kwa vidole mpaka maji yageuke mazito, ndipo uikamue kwenye kifumbu au chujio. Hilo ndilo tui zito, na uliweke pembeni peke yake. Machicha yarudishie vikombe viwili vya maji na uyakamue tena upate tui jepesi. Wapo wengi wanaokamua mara mbili kama unavyofanya wewe, lakini baadaye humimina yote pamoja sufuriani, na hapo kazi ya kuyatenganisha huwa haina maana tena.

Sasa mpango wa jikoni. Vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na nyanya vikaangwe mpaka nyanya zikaukiwe maji na mafuta yaonekane pembeni. Tia tui jepesi na uliache lichemke bila wasiwasi, halafu panga samaki, akiwa amekaangwa au kubanikwa kidogo ikiwa hutaki avunjike, na aivie humo humo. Tui zito liingie mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo na sufuria ikiwa wazi, tena usilimimine kwa mkupuo: chota upawa mmoja wa mchuzi wa moto, uchanganye na tui bakulini, ndipo ulirudishe lote sufuriani kidogo kidogo. Kuanzia hapo mkono usiondoke. Usizungushe mwiko ukawasaga samaki, bali chota mchuzi kwa upawa, uinue, uumimine tena pole pole upande huu na upande ule. Utaona rangi inahama kutoka nyeupe ya maziwa kwenda kwenye umanjano wa bizari, mvuke unaanza kupanda, na vipovu vidogo vinajipanga ukingoni mwa sufuria huku katikati pakiwa bado pametulia. Mimi nikiviona vipovu hivyo huepua, na tui langu zito halichemki hata mara moja.

Ndimu mwanangu iondoe sufuriani. Kata vipande, kila mtu akamulie sahani yake. Ukitaka ukali uliopikika, tumia embe mbichi au ukwaju, lakini uingie mapema pamoja na nyanya, tui zito likiwa bado bakulini.

Kuhusu jiko la gesi, moto wake hukusanyika mahali pamoja chini ya sufuria, na sufuria nyembamba za siku hizi haziusambazi. Tafuta sufuria nzito au chungu, na wakati wa tui zito ushushe moto hadi mwisho.

Kwa kiporo sina maneno mengi. Mchuzi wa nazi hupikwa wa kuliwa ukamalizika. Anayerudi usiku mtengee samaki na rojo lake kabla tui zito halijaingia, na nazi yake uiache nzima bila kuivunja. Akifika, unakuna na kumalizia mchuzi wake mbichi. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa muda mfupi.

MwalimuSayansiKimu, Chumbageni

Shikamoo bibi, na salamu kwa dada muulizaji.

Maelezo ya bibi ni sahihi karibu yote, na mimi nitaongeza sababu zake, kisha nitamwomba bibi aniruhusu kutofautiana naye katika jambo moja.

Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji. Kwa kawaida mafuta na maji hayakai pamoja, na kinachoyaunganisha katika tui ni protini za nazi, ambazo huyazunguka matone hayo na kuyazuia yasikutane. Protini hizo hazivumilii joto kali: likifika nyuzi 80 hivi za selsiasi zinaanza kuganda, na mchuzi ukiachwa utokote kwa nguvu, matone ya mafuta hukosa kinga, yakakutana, yakapanda juu. Zile chembe nyeupe unazoziona ni protini zilizoganda. Asidi ya ndimu hufanya kazi hiyo hiyo hata kabla joto halijawa kali, na ndiyo maana ndimu ikikamuliwa katika mchuzi unaochemka, tui hupata maadui wawili kwa pamoja. Kukoroga kunasaidia kwa sababu kunasambaza joto, hivyo hakuna mahali chini ya sufuria panapochemka kuliko pengine, na pia kunayarudisha matone ya mafuta majini kabla hayajaungana. Tui la kopo huvumilia zaidi kwa kuwa kiwandani matone yake husagwa yakawa madogo mno na mara nyingi huongezewa viungo vya kulishikilia, usijilinganishe nalo.

Maji ya uvuguvugu aliyoyataja bibi yana sababu pia. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hadi 26 hivi, maana yake ni kwamba katika hali ya hewa ya Tanga yako katika ukingo wa kuganda na kuyeyuka. Nazi iliyotoka kwenye friji ikikamuliwa kwa maji baridi, mafuta mengi hubaki kwenye machicha. Kwa sababu hiyo hiyo, tui lililowekwa kwenye friji hujitenga, tabaka gumu likakaa juu na maji chini, na wengine hulimwaga wakidhani limeharibika. Lipashe moto kidogo na ulikoroge, litarudi.

Mchuzi uliokatika kwa moto au kwa ndimu hauna madhara. Ni suala la sura na uzito tu. Ila mchuzi uliojitenga wenyewe ukiwa umekaa, ukawa na povu na harufu kali, huo ni mwingine kabisa, umechacha, na haufai kuliwa hata ukichemshwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na bibi. Tui limepita kwenye ubao wa mbuzi, kwenye vidole, kwenye kifumbu na kwenye maji, na kila hatua kati ya hizo imelitia vijidudu. Likiingia kwenye mchuzi likapata mvuke tu na kuepuliwa, vijidudu hivyo vinabaki hai ndani ya chakula chenye mafuta, protini na sukari kidogo, katika jiko lenye joto. Kwa mchuzi unaoliwa pale pale haina shida kubwa, lakini kwa mchuzi utakaobaki hadi usiku, tui lazima lichemke. Lichemke kwa upole, moto mdogo, likikorogwa, mpaka vipovu vifike katikati ya sufuria na vidumu hapo kwa dakika kadhaa. Mpishi ana njia nyembamba ya kupita: akizidisha moto tui linakatika, na akiupunguza mno chakula kinachacha.

Sasa kuhusu mama mkwe na jirani, kila mmoja ameshika upande wa ukweli. Vijidudu huongezeka haraka chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60, na jikoni kwetu ni katikati kabisa ya hapo. Kuchemsha tena huua vingi vilivyo hai, hivyo mama mkwe hajakosea, lakini kuna bakteria wanaotengeneza sumu isiyoharibiwa na moto. Anayehusika sana na wali ni yule aitwaye Bacillus cereus. Anaingia na mchele wenyewe akiwa katika umbo gumu liitwalo spora, ambalo haliuawi na kupika kwa kawaida; wali ukipoa taratibu ukiwa umerundikana sufuriani, spora hizo huamka, huzaana, na baadhi huacha sumu inayosababisha kutapika. Ukiupasha wali huo asubuhi hata ukafuka moshi, bakteria watakufa na sumu itabaki, na hapo jirani naye ana hoja. Kiporo cha wali wa nazi kinachoteleza kisiliwe, hata kama maziwa na sukari ya chai ya asubuhi vitaificha ladha yake.

Kanuni inayotumika ni kwamba chakula kilichoiva kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto la hewa likipita nyuzi 32, kisizidi saa 1. Hapa kwetu, kuanzia Januari hadi Machi, hiyo saa 1 ndiyo ya kufuata. Mtengee anayerudi usiku mara tu chakula kinapoiva, kabla wengine hawajaanza kula, badala ya kumwachia kilichobaki sufuriani baada ya vijiko na mikono kupita. Usiingize sufuria nzima ya moto kwenye friji. Mchuzi ugawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, vikalishe kwenye beseni la maji ya baridi huku ukikoroga, na wali utandaze kwenye sinia. Vikishapungua joto, vifunike na uviingize. Katika friji yenye nyuzi 4 au chini ya hapo, mchuzi wa nazi uliopikwa vizuri na wali vinaweza kukaa hadi kesho yake bila taabu, nami binafsi nisingependa vipite siku ya pili.

Umeme ukikatika, usifungue friji kutazama. Ikibaki imefungwa hutunza ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hutunza kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Kwa hiyo nafasi zilizo wazi kwenye friza zijaze chupa za maji yaliyoganda, na umeme ukipotea, hamishia mbili au tatu kwenye friji pembeni ya chakula cha siku hiyo.

BibiMkunaNazi, Pangani

Mwalimu, marahaba, na ahsante. Mchuzi wangu hauji kuwa kiporo, kwa hiyo nitaendelea kuepua ninapoepua. Kwa huyu mtoto mwenye mtu wa usiku, afuate ulivyosema.

KijanaWaDeepSea, Tanga

Shikamoo bibi, shikamoo mwalimu. Dada, umetaja changu na nguru pamoja kana kwamba utunzaji wao ni mmoja, na mimi ninayeshinda mnadani Deep Sea ningependa kukutahadharisha hapo, kwa sababu mchuzi wako unaweza kuwa na tatizo hata kabla nazi haijavunjwa.

Nguru, jodari na vibua ni samaki wa jamii moja, na nyama yao ina kemikali ya asili ambayo bakteria huigeuza kuwa histamini samaki wakiachwa kwenye joto. Histamini haionekani, mara nyingine hainuki, na haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Mtu akimla samaki huyo, mara nyingi ndani ya saa moja uso humwiva, mdomo humwasha, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio na vipele humtoka, naye husema ana mzio wa samaki kumbe wiki iliyopita alimla nguru wa aina ile ile bila tatizo lolote. Dagaa nao wanaweza kuleta hali hiyo. Changu hana sifa hiyo, ingawa naye huoza upesi akikosa barafu. Mtu akipatwa na hali ya kukosa pumzi au kuvimba uso na koo baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja na asisubiri maji ya dafu.

Ndiyo maana nguru ununue akiwa kwenye barafu, si pembeni ya barafu. Kwa hali ya hewa yetu kipimo kinachofaa ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ikiwa imepondwa ili imguse pande zote na izibe hata tumboni. Barafu inayoyeyuka hukaa kwenye nyuzi sifuri, na maji yake yanayochuruzika ndiyo yanayompoza. Hivyo deli liwe na mahali pa kutolea maji, samaki asije akaogelea kwenye maji yaliyochafuka. Ukifika Mgandini kwanza kununua nazi, mboga na viungo, halafu ukapita kwa samaki mwisho, utakuwa umefanya jambo la maana kuliko ndimu na chumvi zote utakazompaka baadaye nyumbani.

Mtazame jicho, liwe limejaa na linang'aa, si lililozama na kuwa jeupe. Inua kifuniko cha shavu uone matamvua, yawe mekundu yenye kamasi safi. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi. Samaki aliyekatwa vipande huwezi kumpima kwa jicho wala matamvua, kwa hiyo kama hujamzoea muuzaji, nunua mzima ukakatiwe mbele yako. Nyumbani mtoe matumbo na matamvua upesi, msafishe damu iliyoshika kwenye uti wa mgongo, mkaushe maji, kisha umfunge kwa mafungu ya pishi moja moja.

Kwa friza, adui ni hewa. Samaki akiwekwa kwenye mfuko ulio wazi hukauka, nyama ikawa na mabaka meupe, na ukimpika anakuwa na nyuzinyuzi zisizoshika mchuzi. Bana mfuko hewa yote itoke na uandike tarehe. Samaki wenye mafuta kama jodari na vibua watumike ndani ya miezi 2 au 3. Wasio na mafuta mengi kama changu huweza kufika miezi 6 bila kupoteza sana ladha, mradi friza iwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukitaka kumtumia, mhamishie kwenye friji tangu usiku, au mzamishe na mfuko wake kwenye maji ya baridi. Kumwacha juu ya meza tangu asubuhi hadi mchana ni kumrudisha kwenye joto lile lile tulilomwepusha nalo tangu baharini. Umeme ukikatika, ukamkuta bado ana chembe za barafu ndani, unaweza kumgandisha tena ingawa atapoteza maji kidogo. Ukimkuta amelainika na hana baridi, na hujui tangu saa ngapi, usimpe mtu.

BintiSahare, Tanga

Nawashukuru wote. Bibi, shikamoo tena. Leo nimelitenga tui zito, nimechota kwa upawa kama ulivyoeleza, na ndimu nimeiweka mezani. Mchuzi umeshikana na haujatoa mafuta, ingawa mwishoni nililiachia tui lichemke kidogo kama alivyosema mwalimu.

Nimebaki na swali moja. Kukuna nazi saa mbili usiku kila siku itanishinda. Je, naweza kukuna nazi kadhaa kwa wakati mmoja na kuzigandisha, na kama naweza, nigandishe tui au nazi iliyokunwa? Na je, kile kijiko cha unga ambacho baadhi ya wapishi huweka ili tui lisikatike kinasaidia kweli?

MpishiWaShughuli, Bagamoyo

Nami huku Bagamoyo napika kwenye harusi na hitima, ambako nazi hukunwa kwa magunia na masufuria hukaa motoni muda mrefu, kwa hiyo maswali hayo mawili ni ya kwangu kabisa.

Vyote viwili vinagandika. Nazi iliyokunwa ndiyo bora zaidi, kwa sababu ikiyeyuka unaikamua kwa maji ya uvuguvugu na unapata tui jipya ambalo halijawahi kujitenga. Igandishe siku hiyo hiyo uliyoikuna, katika mafungu ya nazi moja moja yaliyobanwa na kulazwa bapa, ili iyeyuke upesi usiku ukiihitaji. Tui nalo linagandika, lakini likiyeyuka hutoka limejitenga, lina chembe na maji. Usiogope: lipashe moto mdogo huku ukilikoroga, au lipitishe kwenye blenda kwa nusu dakika, kisha litumie kwenye mchuzi wenye viungo vingi, maharage au kisamvu, ambako kasoro ndogo haionekani. Kwa samaki wa kupaka, ambaye tui ndilo sura yake yote, sitalitumia. Usiliyeyushe na kuligandisha tena.

Tui bichi lisilogandishwa, hata likiwa kwenye friji, lisipite siku ya pili. Nje ya friji wakati wa joto, lihesabu kwa saa, si kwa siku, na wapishi wangu nimewakataza kukamua tui la jioni asubuhi.

Unga unasaidia. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa mchele kwa tui zito la nazi moja, ukorogwe tui likiwa baridi, usikorogwe kwenye mchuzi wa moto kwa sababu utafanya madonge. Wanga ukiiva hufanya mchuzi kuwa mzito na kuyachelewesha matone ya mafuta kukutana. Mimi hutumia kwenye sufuria la watu mia mbili, ambako siwezi kusimama na upawa kuanzia adhuhuri mpaka wageni wale. Kwenye sufuria ya nyumbani naona hauna ulazima, tena ukizidi kijiko unaanza kusikia ladha ya uji, na bibi wa Pangani ataijua kabla hajaketi.

Nakuongezea jambo moja kuhusu mtu wako wa usiku. Rojo la nyanya na vitunguu lisilo na tui unaweza kulipika jingi na kuligandisha kwa mafungu, na hilo halina tabia za nazi. Usiku unayeyusha fungu moja la rojo na fungu moja la nazi, unatia tui jepesi, unatumbukiza vipande vya samaki uliyemkaanga mchana na kumhifadhi kwenye friji, vinachemka sawasawa, unamalizia kwa tui zito, na hadi atakapotoka kuoga mchuzi utakuwa umekwisha kuepuliwa.

BibiMkunaNazi, Pangani

Unga kwenye tui la samaki, hapana. Hayo mengine yote nayakubali, na hiyo nazi ya kulaza bapa hata mimi nitamwambia mjukuu wangu anijaribishie.